Vigae vya Bibi Tusekile

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: mkoba wa turubai, bikari ya chuma na kadi ndefu ya rangi. Mkuu wa Kitengo alikuwa mtu mfupi aliyependa kusimama wakati wenzake wamekaa. Aliniambia, "Kijana, fundi wa kijijini anajua kutengeneza, hajui kuuza. Kazi yako ni kumpelekea macho ya mnunuzi." Niliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, nikayapigia mstari kwa rula. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, wa kupiga mstari kwa rula.

Ninyi mnaoingia kazini sasa mna simu zenye picha za kila kitu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Sisi tuliitwa maofisa ubunifu. Ubunifu, kwa maana ya ofisini kwetu, ulikuwa kuchukua kitu cha asili na kukibadilisha umbo, rangi au ukubwa mpaka mtu wa mjini akitamani. Kile cha kwanza kilichokubalika tulikiita sampuli, na vingine vyote vilitakiwa vifanane nacho. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Chitete, kwa wasukaji wa mikeka, na barabara ya kule ilinifikisha bikari ikiwa imepinda. Nilikaa miaka miwili nikiwahimiza akina mama wapunguze rangi kwenye mikeka yao. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, na nikigeuka tu wanarudia zao. Leo naona Chitete sikuharibu kitu, kwa sababu hawakunifuata.

Ileje walinifuata.

Nilihamishiwa huko chini ya Meneja wa Mafunzo, mama mmoja mkali aliyening'iniza miwani kifuani na kuivaa pale tu alipotaka kumkatalia mtu jambo. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa mlimani, kijiji cha wafinyanzi, na mfinyanzi wao mkubwa alikuwa Bibi Tusekile. Alikuwa mjane, mikono mirefu, macho yameanza ukungu. Binti yake Atupele alikuwa na umri kama wangu, na ndiye aliyekuwa akirithishwa kazi. Bibi aliniambia siku ile ile niliyofika, "Mwanangu, mimi macho yananiaga. Huyu bado hajakomaa. Kama umekuja kumfundisha, fanya haraka." Hilo ndilo alilolitaka kwangu, na hakuniomba kitu kingine tena.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na rundo la vigae, vipande vya vyungu vilivyovunjika, linalonifika kiunoni. Nilidhani ni jalala. Baadaye nikamwona Atupele akichukua vigae viwili vitatu, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikawa chenga, kisha akazichanganya na udongo mbichi kwa miguu. Chenga hizo ndizo zinazokiwezesha chungu kukaa motoni. Udongo mtupu ukipata moto wa ghafla hupasuka, lakini kigae kimekwisha kuungua mara moja na hakishtuki tena. Mambo hayo niliyajua vizuri baadaye. Wakati ule nilichokiona ni ngozi ya chungu yenye vipele, nami nilikuwa nimetumwa kutafuta ngozi laini.

"Hivi mnavitoa wapi?" nilimuuliza Bibi.

"Vinarudi vyenyewe," alisema. "Chungu kikivunjika kwa mtu, anatuletea. Ndiyo desturi ya nyumba hii." Aliinama, akachagua vitatu bila kutazama, kwa vidole tu. "Hiki cha mama. Hiki cha bibi, alikuja nacho alipoolewa. Hiki changu, nilikifinyanga nikiwa na mimba ya Atupele. Sasa nikisaga vyote pamoja, chungu kipya nani amekitengeneza? Wewe si umesoma, niambie."

Nilicheka. Jioni yake niliandika katika daftari: *Udongo una taka, uchujwe.*

Tuliuchuja. Nilileta chujio la wavu mwembamba, nikafundisha kundi la akina mama kutengeneza vyombo vya maua, vyembamba, shingo ndefu, vikipimwa kwa bikari mdomoni na kitakoni. Tulijenga tanuri dogo la matofali ili moto upande polepole. Walinibatiza jina la Bwana Vipimo. "Bwana Vipimo, njoo upime na mimba ya huyu," walinitania, na mimi nilifurahi kutaniwa, kwani nilijua wamenikubali. Atupele alikuwa na mkono wa ajabu. Vyombo vyake kumi ukivipanga, hukuweza kujua kipi kilianza. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, mwenye wateja hata ng'ambo ya mpaka, alisema atavichukua vyote.

Kisha Meneja wa Mafunzo akatangaza kuja na wageni. Alituma ujumbe kwamba mazingira yawe safi, na gari lisikwame kwenye tope la karibu na shule kama lilivyokwama safari iliyopita. Tope na rundo la vigae, yote mawili kwangu yakawa tatizo moja lenye dawa moja. Bibi Tusekile alikuwa amekwenda msibani kwa ndugu zake, bonde la pili. Nilimwendea Atupele na tela la trekta limekwisha kuegeshwa.

"Mama atasema nini?" aliuliza.

"Mama tutamweleza. Vigae vipya vitapatikana, vyombo vinavunjika kila siku. Unataka wageni wakute jalala nyumbani kwa mwalimu?"

Nilimwita yeye mwalimu kwa makusudi. Nilijua litamwingia. Alitazama rundo, akatazama tela, akashika koleo yeye mwenyewe. Hilo nimelibeba kuliko yote, kwamba sikumwacha hata awe mtu asiyehusika.

Vigae vyote tulivimwaga kwenye tope, na gari halikukwama. Wageni walipiga picha, na Meneja alivua miwani yake na kunipa mkono mbele ya watu. Bibi alirudi siku ya pili, bado amevaa kanga za msibani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakaa kidogo, akarudi.

"Vigae vyangu viko wapi, mwanangu?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia kwamba kitaalamu kigae chochote kinafaa, tutavunja vyombo vilivyoharibika tusage hivyo.

"Chungu utapata," alisema. "Sijasema hutapata."

Alichukua beseni akaenda barabarani. Tope lilikuwa limekwisha kukandamizwa na magurudumu. Alipiga magoti akaanza kuchimbua kwa vidole, huku watoto wa shule wakimwangalia kupitia uzio. Atupele alikwenda kumsaidia, Bibi akamwambia aache. Nami nilisimama pembeni na mkoba wangu begani. Niliona aibu, na bado ninaiona. Alipata beseni moja, halikujaa.

Nilipewa barua ya pongezi na kuhamishiwa Tunduma kuwa msimamizi wa masoko. Huko nilikaa mpaka nikastaafu, nikitazama malori yakipanga foleni na watu wakivuka na mizigo kichwani. Ndani ya mizigo ile ndimo nilimoona mwisho wa kazi yangu: maua ya plastiki ndani ya vyombo vya plastiki, vyepesi, visivyovunjika. Yule mfanyabiashara aliacha kupanda Ileje bila hata kuaga.

Kundi likarudi kufinyanga vyungu vya kupikia. Lakini walifinyanga kama nilivyowafundisha, kwa udongo uliochujwa, laini, wa kupendeza. Vikauzwa vijiji vyote vya jirani. Wiki ile ile maharage yakaanza kumwagika mafigani. Chungu kilipasuka kwa mke wa mchungaji, kikapasuka kwenye kipaimara mbele ya wageni. Watu hawakusema Bwana Vipimo amekosea. Walisema vyungu vya nyumba ya Bibi Tusekile havifai tena. Nilituma ujumbe warudishe chenga. Walirudisha, na vikawa vizima kabisa, lakini wakati huo kila jiko lilikuwa na sufuria na hakuna aliyetaka kujaribu mara ya pili.

Mara ya mwisho kumwona Bibi, macho yalikuwa yameaga kweli. Alinipa chungu kimoja cha wastani. Alikuwa amekifinyanga kwa kupapasa, akatia chenga zote za beseni lile. "Mpe mke wako," alisema. "Hicho hakitakuaibisha." Nilishukuru kama mtu aliyepewa zawadi ya kawaida. Alifariki kabla ya mvua zilizofuata.

Sasa nimestaafu, nipo kwetu Mbozi na kahawa zangu. Chungu kile mke wangu alikipikia maharage miaka yote hiyo, na ni kweli hakikutuaibisha. Mwaka huu mbuzi aliingia jikoni akakiangusha. Mke wangu alitaka kuvizoa vipande avitupe. Nilimzuia, nikavitia kwenye gunia. Desturi ya nyumba ile ni kwamba chungu kikivunjika kinarudi.

Nilipanda nacho Ileje. Nyumba ilikuwa imefungwa, bati limeliwa na kutu, nyuma yake mahindi ya mtu mwingine. Wakaniambia Atupele yuko Tunduma, karibu na mpaka, anauza ndoo na mabeseni. Nilimkuta kati ya plastiki za rangi zote zile zilizokuwa kwenye kadi yangu. Amezeeka, kama mimi. Alinisalimia vizuri, akanivutia kiti.

Nilipofungua gunia aliinama. Akapekua taratibu, akatoa kipande cha ukingo chenye alama ya dole gumba, akaweka dole gumba lake pale. Halikuenea.

"Hiki nabaki nacho," alisema.

"Na hivi vingine? Nilidhani labda utasaga, Atupele. Siku moja."

"Nisage nichanganye na nini, kaka? Na ndoo?" Hakusema kwa hasira. Alikunja mdomo wa gunia na kunirudishia mikononi. "Vipeleke kule barabarani, karibu na shule. Wenzake wote wako kule."

Nilipanda tena Ileje siku ya pili, nikashuka shuleni. Barabara imeshindiliwa kifusi, hujui tope lilikuwa wapi. Nilikadiria kwa macho, mimi Bwana Vipimo, nikamwaga. Bodaboda ilipita juu yake kabla sijamaliza kulikunja gunia.