Bwana yangu anadhani dawa ndiyo inayomwandikia

Wapendwa, jina langu lisitokee, bwana yangu ni msomaji wa ukurasa huu. Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja, tunaishi Songo, hapa Uvira.

Bwana yangu ni mwandishi. Nilimpendea teatri alizokuwa anaandikia vijana wa kanisa. Lakini mto Mulongwe ulipobeba nyumba yetu ya kwanza, maneno yalimkauka. Alikuwa anakaa mbele ya karatasi tupu mpaka machozi yanamtoka. Ndipo rafiki yake akamwambia kwamba waandishi wakubwa wa ng'ambo walikuwa wanakula vitu vya kufungua macho, wanarudi na vitabu. "Sisi tuko na rwiziringa hapa kando ya barabara, weye unateseka bure!"

Akachemsha majani ya ule mmea unaopoteza akili, akanywa. Alasiri ile alisema na ukuta, macho meusi, mdomo mkavu, anachuma vitu hewani. Akaniamuru, "Andika! Andika!" Niliandika katika telefone, lakini yalikuwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Maji yana meno, meno yana mama. Alipozinduka hakukumbuka kitu. Akaniuliza kwa woga, "Nilisema nini?"

Nikamhurumia. Mafuriko yale yalinipata na mimi. Kesho yake nikakaa, nikaandika habari ya jirani yetu aliyepanda juu ya bati na mbuzi wake, akiita watoto majina mmoja mmoja. Humo nikapachika maneno yake mawili matatu, nikampa kama ndiyo aliyoyasema. Aliposoma alilia kama mtoto. "Unaona? Hii si minye mwenyewe. Dawa ndiyo iko inaandika."

Nikamwacha aamini hivyo. Nilidhani ni mara moja tu.

Hadithi ile ikasomwa Bujumbura, watu wakatoa leso. Sasa wanataka kitabu kizima. Yeye anakunywa, anaropoka, mimi ninaandika. Juzi aliingia ziwani na nguo zake zote akisema marehemu mama yake anamwita. Wavuvi walimvuta maji yamemfika kifuani. Daktari alisema moyo wake hautavumilia tena.

Nilimpigia magoti aache. Akaniangalia kwa upole, ndio ulioniumiza zaidi. "Mke wangu, nikiacha nitabaki na nini? Bila dawa minye ni muntu mutupu." Mama mukwe naye anasema ninamwonea wivu mtoto wake.

Jumapili baada ya ibada anataka kunywa kuliko siku zote, amalizie kitabu. Ameniomba nikae karibu naye niandike.

Nikimwambia ukweli, ataacha dawa, lakini atajua kwamba watu hawakulilia maneno yake. Ninamjua, hatasimama tena. Nikinyamaza, nitamzika, na kwenye kilio watamsifu kwa kitabu nilichoandika mimi.

Wenye ndoa, wenye kumjua Mungu, nisaidieni kabla ya Jumapili. Nimuue kwa ukweli, ao nimwache afe akiwa na furaha?