Mita iliyosoma sifuri ndiyo niliyonunua

Jamani, leo nimeumbuka dukani Makole na bado nachekelea!

Nilikwenda kuchagua klampi mita, ile ya kubana waya ikakusomea umeme unaopita.

Birika la umeme likawashwa. Nikabana waya wake mzima.

Mita ya bei chee ikasoma ampia tano.
Ya bei mbaya? Sifuri!

Nikapaza sauti: "Dada, hii feki!"

Duka zima likageuka.

Dada muuzaji akasema taratibu, "Fundi, umebana nyaya zote pamoja. Umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Sifuri ndiyo jibu."

Akaleta ekstensheni iliyotenganishwa nyaya, akachomeka birika, akabana waya mmoja tu kwa ile mita ya bei mbaya.

Ampia nane!

Kumbe mwongo ni yule wa bei chee niliyemkumbatia, na kesho ningempeleka kupima mota ya mashine ya kusaga kule Bahi!

Mafundi, chekeni. Ila semeni kweli: ninyi huwa mnabanaje?