Gunnvor na Matangi Manne ya Samoni

Gunnvor Myklebust alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika kituo cha kutotolea samoni huko pwani ya Helgeland, na kwa sindano ya kuchanja samaki hakuna aliyemfikia. Mwaka huo ikaja chanjo isiyotaka sindano: vifaranga wa samaki huchovywa kwenye maji ya dawa, nayo huingilia mashavuni, wanapopumulia.

"Jumatatu tunachovya wote," alisema meneja Asbjørn, akitafuna mkate na jibini ya kahawia. "Ugonjwa umeshabisha hodi kwa jirani. Nani angoje?"

"Mimi. Wangali wadogo mno."

"Dawa haiulizi umri, bibi wee."

Gunnvor alikata shavu la samoni mkubwa na la kifaranga, akamvuta Asbjørn kwenye hadubini. Katika la mkubwa, pale vijitawi vyekundu vinapoungana, chembe za kinga zilisongamana kama watu wa mnada. Katika la kifaranga zilikuwa za kuhesabika.

"Hizi ndizo zinazoipokea chanjo. Huku unapiga hodi, mwenyeji hajahamia."

Asbjørn akaangua kicheko. "Ungekuwa wakili wewe! Haya, tangi moja Jumatatu, kwa amri yangu. Matatu ngoja utakavyo. Wakifa, utawazika mwenyewe."

"Nitawazika."

Alingoja wiki sita. Kila Ijumaa alikata shavu na kuchungulia. Kila siku alisugua nyavu na mabuti kwa dawa, maana ugonjwa ungetangulia, maneno yake yangekuwa bure. Hata hivyo alilala vizuri. Alikuwa ameona kwa macho yake. Wiki ya sita chembe zilikuwa zimeshonana, akachovya matangi yote matatu asubuhi moja.

Agosti ugonjwa ukaingia. Kwenye tangi la Jumatatu walizoa mizoga kwa ndoo, midomo myekundu kwa damu. Kwenye matatu ya Gunnvor walielea wachache tu. Waliobaki walikuwa wakirukia chakula.

Asbjørn alisimama ukingoni, kofia mkononi. "Sema basi. Nimestahili."

"Ulikuwa na haraka, hukuwa mjinga."

"Mwakani tarehe utapanga wewe."

"Watapanga wao," alisema Gunnvor, akiashiria samaki kwa kidevu. Kisha akavaa glavu, akashika upande mmoja wa ndoo ya mizoga, Asbjørn upande wa pili.