Yai la Moto kwenye Usukani

Siku yangu ya kwanza kazini Johannesburg, Mkuu wa Magari hakuniuliza leseni. Aliniambia nimwonyeshe mikono. Nikadhani anakagua usafi, nikaigeuza mbele na nyuma kama tulivyokaguliwa kucha shuleni Tanga. Akaishika, akaikamua, akaiachia haraka, halafu akajifuta kwenye suruali yake. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi, kama mtu yeyote wa kwetu anavyojipaka akitoka nyumbani. Akasema mtu mwenye mikono inayoteleza hapewi gari la mikate. Nikaenda kunawa kwa sabuni ya unga, nikarudi, nikakabidhiwa funguo. Ilikuwa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, na baridi ya maji ya bomba lile sikuwahi kuonja mfano wake maishani.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza udereva sasa, kwenye magari ambayo hata kiti kina joto lake. Mniwie radhi nikivuruga mambo. Yalinivuruga yenyewe, na mpaka leo sijayapanga yakapangika.

Kwanza mfahamu baridi ya huku ilivyo, maana mtu wa pwani haielewi. Jua linawaka, mbingu ni ya buluu tupu, ukitazama dirishani unasema leo joto. Ukitoka, nyasi ni nyeupe kwa barafu ya usiku na pumzi yako unaiona. Usukani wa gari lililolala nje unauma. Tulifundishwa kuushika kama mishale ya saa, mkono mmoja saa nne na mwingine saa nane, na vidole vilikufa ganzi hivyohivyo vikiwa mahali pake. Kidole kidogo kilianza, vingine vikafuata, na gumba ndilo lililobaki la mwisho kujua kwamba kuna kazi.

Magari yalikuwa na hita, yaani kile kifaa kinachochota joto la injini na kulipuliza mbele kwa dereva. Mkuu wa Magari alizizima zote kwa kuchomoa mpira unaopitisha maji ya moto. Glavu nazo alizipiga marufuku. Nilipothubutu kuuliza, alinijibu maneno ambayo nilikuja kuyasikia kila Juni.

“Dereva akipata joto analala. Akivaa glavu, hajui gari linamwambia nini. Gari linaendeshwa kwa ngozi.”

Basi mimi mbele naganda, na nyuma yangu kreti za mikate iliyotoka jikoni sasa hivi, inanukia, ya moto. Nilitoka kiwandani kusini mwa mji mpaka Soweto, nikigawa kwenye spaza, vile viduka vya nyumbani ambavyo wengi wa ndugu zetu wahamiaji wanaviendesha. Kwenye kila spaza nilichelewa kidogo kuachia kreti. Wenye maduka walidhani mimi ni mtu wa mazungumzo.

Nilipanga chumba mtaa wa La Rochelle na dereva mwenzangu, Deo, Mrundi, mtu mpole anayesali kila Jumapili. Tiba yangu ya mikono ilikuwa chupa ya mafuta ya nazi aliyonikamulia mama yangu mwenyewe. Nilishajua kazini siendi nayo, kwa hiyo nilijipaka nikirudi. Siku moja katikati ya Juni naishika chupa, naiinamisha, hakitoki kitu. Naitazama kwenye taa: ndani kuna kitu cheupe, kigumu, kama mshumaa. Kwetu asubuhi za kipupwe mafuta huwa mazito kidogo, hilo nalijua. Lakini kuwa jiwe? Nikasema hapana, nimebadilishiwa. Na chumbani tuko wawili.

Sikumficha. Nilimwambia Deo kwamba amemwaga mafuta ya mama yangu na kunijazia samli ya ng'ombe, na kwamba kama alitaka angeomba. Akasema hata harufu ya mafuta hayo haijui, na akaenda kulala akanipa mgongo. Tulikaa wiki mbili hatusemezani ndani ya chumba chenye vitanda viwili na dirisha moja. Nilijua nina haki, na nilikuwa na hasira kweli, maana chupa ile ndiyo iliyokuwa mama yangu huku.

Jumamosi moja Deo alibandika maji ya chai, na chupa ilikuwa karibu na jiko. Nilipogeuka, yale meupe yalikuwa yameyeyuka, mafuta yametulia manjano mepesi, yananukia nyumbani. Nikamwomba radhi. Deo akamimina chai, akanipa kikombe, akasema tu, “Baridi ndiye mwizi wako, Athumani. Umshitaki yeye.” Ndivyo nilivyofanya. Kuanzia siku hiyo kila lililoipata mikono yangu nililiandika kwa jina la baridi.

Baada ya miaka kadhaa nikahamia kwa wenye kazi ya kufulia mashuka ya hoteli. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Usafirishaji, mtu wa karatasi na kalamu. Asubuhi ya kwanza alinipa glavu za ngozi, akanitaka nitie saini, akasema dereva atakayekutwa mikono mitupu ataandikiwa onyo. Hita iwake muda wote. Nikamweleza kwamba dereva aliyepata joto hulala. Akaniuliza nimeyatoa wapi maneno hayo ya ajabu, dereva anayetetemeka ndiye anayegonga watu. Nikavaa. Miezi miwili nikawa natafuta gia kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wenyewe. Nani alikuwa sahihi kati ya wale wawili? Nimeendesha kwa amri ya wote na sikugonga mtu kwa yeyote, kwa hiyo sijui.

Wakati huo Zuhura, mke wangu, mama wa binti yetu Salma, alikuwa amekuja kutoka Tanga. Alikuta mume anayekula chakula kwa kijiko kwa sababu vidole havikunjiki. Hakupenda. Asubuhi moja alichemsha mayai mawili, akayatia kwenye soksi safi ya sufu, akafunga fundo na kunipa. Akasema niyaweke mapajani, nikisimama kwenye roboti niyashike, yakipoa niyale. Roboti ni taa za kuongozea magari, huku kila mtu anaziita hivyo. Nilicheka, lakini nilipofika kwenye roboti ya kwanza nikaingiza mkono ndani ya soksi, sikutaka kuutoa.

Ikawa hivyo kwa miaka yangu yote ya kazi iliyobaki. Mayai yalinipa joto kutoka La Rochelle mpaka mjini, na la pili nilikuwa nikilimenya Marshalltown, nimeegesha mbele ya maofisi, wachuuzi wakipanga bidhaa zao. Madereva wengine walinitania, wakaniita Kuku. Mwaka uliofuata watatu kati yao walikuja na soksi zao. Na kila kituo nilikuwa nikishika kikombe cha chai kutoka kwenye chupa ya Zuhura, vijiko vinne vya sukari, maana nilishawishika kwamba sukari inaongeza moto. Hilo la sukari mlikumbuke.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa basi dogo la wafanya usafi wa ofisi, wanawake kumi na mmoja, nikiwachukua alfajiri mitaa yetu ya kusini na kuwashusha Marshalltown. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Zamu, mama wa Soweto, mkavu wa maneno. Habari za glavu hakuzijali. Alisema hao kumi na mmoja wana watoto nyumbani, basi niwafikishe, mengine niyajue mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Niliendesha miaka mingi chini yake, na mikono ilizidi kufa ganzi kila mwaka. Ikafika mahali ganzi haikungoja Juni. Februari, watu wanatembea vifua wazi, mimi nasugua viganja. Zuhura akasema niende kliniki. Nikasema ni baridi ya zamani imekaa kwenye mifupa. Nikaamini kabisa.

Asubuhi moja ya Julai soksi ilikuwa imefuliwa, haijakauka. Zuhura alikuja mpaka mlangoni pa gari na mayai ndani ya kibakuli, yametoka kwenye maji yanayochemka muda huo huo, akanionya niyaache kwanza. Nikayaweka juu ya kitambaa mapajani, nikaondoka. Abiria wangu wa kwanza alikuwa Mama Chantal, Mkongomani wa Lubumbashi, aliyekaa mtaa wetu na aliyependa kiti cha mbele. Roboti ya kwanza ikawa nyekundu. Nikashika yai kwa mkono wa kushoto kama kawaida yangu, namsikiliza akinisimulia habari za binti yake aliyeanza kazi. Roboti ikageuka kijani, mbele kulikuwa na lori limekwama, tukangoja tena. Yai mkononi. Nikawaza kwamba leo Zuhura hakulichemsha vizuri, limepoa mapema.

Mama Chantal alikatiza habari za binti.

“Papa Athumani, mukono yako inaungua. Hausikie?”

Alinipokonya lile yai, na palepale akaliachia likaanguka, kwa sababu yeye hakuweza kulishika. Nikafungua kiganja. Ngozi ilikuwa imeinuka lengelenge kubwa, jekundu pembeni. Nililitazama kama la mtu mwingine. Hakukuwa na maumivu, hata kidogo. Roboti ilikuwa kijani, magari ya nyuma yanapiga honi, na mimi bado nakitazama kiganja.

Nikawachukua waliobaki, nikawafikisha. Niliendesha polepole mpaka madereva wa teksi wakanitukana, nikawashusha wote kumi na mmoja, halafu nikaenda kliniki. Nesi alinifunga mkono, akanipima damu, kisha akaniambia nivue viatu. Nikamwambia tatizo ni mikono. Akasema nivue. Akanigusagusa nyayo na kitu chembamba, ananiuliza nasikia wapi, nami ninamngoja aanze. Kumbe alishamaliza mguu wa kwanza.

Ni sukari, alisema, imekula mishipa ya fahamu, na si ya jana. Nikamuuliza na baridi je? Akasema baridi inaumiza, ndiyo, lakini haifanyi hivi. Nikamuuliza kama ni ile chai. Akasema si chai peke yake, asinidanganye, ni mambo mengi, ila chai ya vijiko vinne haikunisaidia. Nilikuwa nimekaa pale naangalia nyayo zangu. Breki inakanyagwa kwa nyayo. Klachi pia. Sikujua ni tangu lini nilikuwa nakanyaga kwa kukisia, na wanawake kumi na mmoja ndani ya basi wanasinzia kwa amani.

Nilirudi moja kwa moja kwa Msimamizi wa Zamu, nikaweka funguo mezani.

“Umegonga mtu?” aliniuliza.

“Hapana.”

“Sasa funguo za nini?”

“Leo nimeshika moto, mama, sikujua kama ni moto.”

Akazichukua funguo, akazitia kwenye droo, akaniamkia kwa mikono yote miwili kama wanavyomwamkia mzee kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu.

Sasa nakaa La Rochelle, chumba kingine lakini mtaa uleule. Natumia vidonge, chai nanywa bila sukari, na nimejifunza kuangalia miguu yangu kila jioni kama mtu anayekagua matairi. Deo huja kunitazama. Nilimwambia kwamba nilimsingizia yeye kosa la baridi, halafu nikaisingizia baridi kosa la damu yangu. Akasema, “Angalau baridi hujawahi kuinunia wiki mbili.” Tukacheka. Lakini akishaondoka narudi palepale. Zile asubuhi zote, lile joto la mayai nililolisifia, nililisikia kweli mpaka mwaka gani? Lini niliacha kulisikia nikawa nalikumbuka tu? Najaribu kuhesabu nyuma, sifiki.

Kama mnataka la kushika kutoka kwangu, ni hili: kabla hujawasha gari, weka mkono shavuni. Shavu likisema baridi na mkono ukasema hakuna neno, shuka ukapimwe.

Zuhura hakuacha kuchemsha. Baridi ikiingia, nikiwa nimekaa kwenye jua pale mlangoni, ananiletea yai langu mkononi ingawa siendi popote. Mwaka jana, kwa utani wake wa siku zote, alinipa lililolala jikoni tangu jana yake, baridi kama jiwe la mtoni, akasimama anangoja nimgombeze. Mimi nikalikumbatia kwa viganja viwili.

“Ahsante, Mama Salma,” nikamwambia. “La leo limekolea moto.”

Aliingia ndani bila kucheka, na alikaa huko kitambo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi analiweka kwanza shavuni mwangu, ananitazama, na nikishasema ni la moto ndipo ananipa nishike.