Bawa la sanda

Hadi leo sijui nani alimwambia kaka yangu kwamba fundi wa pikipiki wa Kasongo kama yeye anaweza kuunda ndege. Tena si ndege ya kwenda mahali, bali ya kupinduka angani kichwa chini, kama zile alizokuwa akizitazama kwenye simu mpaka chai inapoa. Uani kwetu aliunganisha mbao na mianzi, akafunga injini ya pikipiki iliyokufa njia ya Salamabila. Mabawa aliyafanya mafupi, yenye tumbo sawa juu na chini, ili ndege ikipinduka isianguke. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za kaka yangu ziliota upande mmoja tu.

Alitaka kitambaa chepesi kisicho na mshono. Akafungua sanduku la mama, akatoa sanda yake, ile aliyoiosha kwa maji ya Zamzam aliyoletewa na haji wa Kabambare, akaiweka kwa ajili ya siku yake. Akaitandaza kwenye mabawa na kuipaka uji wa muhogo ili ikaze, kama tunavyotia wanga kola za shati. Majira ya mvua yalikuwa yameanza. Uji ukachacha, nzi wakajaa, harufu ikatufuata mpaka kwenye sahani. Majirani walikuja kupiga picha, wakimwita piloti. Walinitia kichefuchefu kuliko ule uji.

Mama alitoka na fimbo yake, akaigusa nguo kwa kidole.

"Iyi iko sanda yangu."

"Mama, weye uko muzima. Nitakuletea ingine."

"Sitaki ingine. Utaibandua, mutaifula na sabuni, mutanizika nayo."

Kaka hakuibandua. Kila mara alisema kwanza iruke. Haikuruka, injini ilipowashwa ilitikisa mbao mpaka misumari ikachomoka, naye akaanza kupigilia upya. Katikati ya kupigilia huko, mama akafariki.

Niliibandua mwenyewe kwa kisu. Niliifua kwa sabuni, majivu na ndimu mpaka vidole vikachubuka, na bado ilinuka. Wanawake niliomwosha nao mama waliongeza ubani tu. Wosia ni wosia, tukamvika.

Kisha tukamwita kaka aje kumuaga mama yake. Aliinama karibu na uso wake, akasita, akaziba pua.