Meno ya Mwanangu na Jusi ya Poda

Binti yangu wa kwanza alipofikisha miaka mitatu, meno yake manne ya mbele yalikuwa meusi kama mbegu za papai. Watu wakiuliza, nilijibu kwamba ni meno ya ukoo wa baba yake. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo.

Tulikaa Masisi. Mume wangu aliendesha lori la mizigo kwenye barabara ya Walikale, mimi nilifundisha shule ya msingi. Karibu na shule kulikuwa na duka la mama mmoja aliyetoka Butembo. Mlangoni alitundika pakiti za jusi ya poda, zimeshikana kama mkanda, na kwenye kila pakiti kulikuwa na mtoto mnene anayecheka, chini yake neno moja: vitamini. Mimi mwalimu nililisoma neno lile na kuliamini, kama wanafunzi wangu wanavyoamini kilichoandikwa ubaoni. Kila asubuhi nilikoroga pakiti moja ya rangi nyekundu ndani ya chupa, nikaongeza sukari, nikampa mtoto. Aliinyonya mpaka jioni, na biskuti za krimu juu yake.

Nilikulia Mweso, katika familia iliyokimbia vita. Siku moja mtoto wa jirani alikula biskuti, akatupa karatasi. Niliiokota nikailamba. Mama yangu aliniona. Hakunipiga, aligeuza uso tu. Nilipozaa niliapa kwamba mwanangu hatalamba karatasi ya mtu. Najua haitoshi kunitetea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipokuwa na mimba ya pili, mama mkwe wangu alikuja kutoka Kashebere, upande wa Walikale, kunisaidia kazi. Mtoto alimwita koko, yaani bibi. Alileta unga wa mahindi, soya na karanga, aliokaanga na kutwanga mwenyewe, ameufunga ndani ya kipande cha kitenge. Asubuhi ya kwanza alipika uji, akamweka mjukuu kwenye mapaja. Nilimnyang'anya kijiko.

"Mama, hii uji ni ya bakimbizi. Mutoto wangu hapana."

Hakukasirika. Aliitazama ile chupa nyekundu. "Na hii, ndani yake iko nini?"

"Vitamini."

"Vitamini ya matunda gani?"

Niliigeuza pakiti, nikasoma herufi ndogo za nyuma, na sikuona tunda lolote nililoweza kumtajia. Nikamwambia kwamba watu wa kijijini hawawezi kuelewa mambo haya. Kesho yake niliwamwagia kuku wa jirani ule unga. Koko alikuwa anafagia uani, akawaona kuku wakidonoa. Aliendelea kufagia.

Wiki chache baadaye nilienda dukani saa sita, nikakuta hakuna mtu. Nilipiga hodi, mwenye duka akaniambia nipite nyuma. Watoto wake watatu walikuwa wamezunguka sahani moja ya bugali, maharagwe na dagaa. Mdogo wao alikuwa na kikombe cha maziwa.

"Bale batoto habakunywake jusi?" niliuliza.

Alicheka bila ubaya wowote. "Mama Mwalimu, ile ni ya kuuzisha."

Niliona aibu kutoka mikono mitupu, kana kwamba ningekuwa nimekiri jambo. Nikanunua pakiti mbili.

Haukupita mwezi, shavu la binti yangu likavimba. Homa ilipanda, akakataa kufungua kinywa. Koko alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya kilichoko mlimani, mimi nikifuata na tumbo langu. Chumba cha kungojea kilijaa akina mama, tumebanana kwenye benchi, na muuguzi aliwapokea wagonjwa palepale mbele ya wote. Alimfungua mtoto kinywa kwa kijiti, akavuta pumzi.

"Hii meno imeoza mpaka chini. Mutoto anakulaka nini?"

Nilitazama benchi. Miongoni mwa wale wamama kulikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu.

"Nani anamupatiaka sukari hivi?"

"Ni koko yake," nilisema. "Mimi ninashindaka ku masomo."

Maneno yalitoka mepesi, kana kwamba yalikuwa yamengojea mdomoni. Muuguzi akamgeukia mwanamke aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni kwenye mlima ule wote, akamkaripia. Alimwambia anaua mjukuu kwa bonboni, kwamba wazee wa kijijini wanafikiri kupenda mtoto ni kumlisha sukari. Wamama wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Bakoko ba Walikale, yee!"

Koko alinitazama mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa.

"Nilikosa, Muganga. Sikujua."

Mtoto alipewa dawa, na siku chache baadaye meno mawili yakang'olewa. Koko alingoja mpaka uvimbe uliposhuka, akarudi kwao. Mume wangu alisikia habari sokoni, akampigia mama yake simu mbele yangu. Aliongea kwa heshima, lakini nilimsikia akisema, "Mama, usirudilie tena kumupatia mutoto sukari." Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Niliendelea kuchambua.

Nilikaa na jambo hilo miezi saba. Nilijifungua salama, na koko hakuja kumwona mtoto mchanga. Mume wangu alidhani mama yake amekasirika. Jumapili moja nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda pikipiki mpaka Kashebere.

Nilimkuta akianika mihogo. Nilipiga magoti, nikasema yote, hata la kuku.

"Ninajua la kuku," alisema. Alimchukua mtoto, akampima uzito mikononi. "Pale ku Muganga nilikubali kwa ajili yako. Wewe njo unaishi na bale bantu. Mimi nilikuwa ninarudia kwangu."

"Mama, unisamehe."

"Pale nilisamehe palepale. Lakini mutoto wangu alinikaripia ku simu, na wewe ulikuwa karibu yake. Ile njo iliniuma."

Aliniletea simu yake, akaiweka mbele yangu, akaingia ndani na mtoto. Nilimpigia mume wangu, nikamweleza. Alisema tu, "Mupatie mama simu," na hakunisemesha mimi tena kwa siku tano.

Koko alirudi kwetu mwezi uliofuata. Watoto wanakula uji wake, na mimi nimejifunza kutwanga unga wake, ingawa karanga zangu huungua. Binti yangu sasa ana miaka sita, ameanza kuota meno ya ukubwani, na ni meupe.

Nilirudi kituo cha afya kumwambia yule muuguzi ukweli. Hakunikumbuka. Lakini wamama wa benchi wanakumbuka. Nimewapata wanne, nikawaambia. Mwaka huu, kwenye mkutano wa wazazi, mmoja wao ambaye nilikuwa sijapata nafasi ya kumwambia alisimama akaonya wenzake wasiwaachie bakoko watoto. "Mama Mwalimu ni shahidi," akasema, akininyooshea mkono.

Wazazi wote waligeuka kunitazama. Nilisimama, nikaanza kusema ni nani aliyekoroga ile chupa nyekundu.