Shafti ya Kumkomoa Wifi

Fundi cherehani hakuwa na haja na gari la rimoti. Haja yake ilikuwa mumewe. Lakini mumewe, fundi redio, kila Jumamosi aliliinamia gari la mashindano la dada yake kama mganga juu ya mgonjwa. Gari lenyewe halizidi urefu wa mkono, magurudumu yote manne yanavuta.

"Dada, difu ya mbele tutie oili nzito, igawe nguvu vizuri kwa magurudumu. Na mkanda huu umechoka, tuweke mpya."

Dada, dada. Mke akiomba bawaba ya kabati ifungwe, jibu ni kesho.

Wivu ukamfikisha dukani. Akachagua gari la kuunda mwenyewe, vipande vipande. Muuzaji akauliza nguvu ya mota iende magurudumu ya mbele kwa mkanda au kwa shafti, chuma kirefu kinachozunguka.

"Wifi yangu anatumia nini?"

"Mkanda."

"Nipe shafti."

Na mikanda ndiyo aliyoijua. Miaka ishirini na cherehani ya miguu, mkanda ukilegea anausikia kabla hajauona. Shafti hakuwahi kuishika hata moja. Mume alipomchungulia akiliunda, "Nikusaidie, mama watoto?" akajibiwa, "Kamsaidie dada'ko."

Siku ya mashindano, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji, mke akabonyeza rimoti ajaribu. Gari likanguruma, likatetemeka, likachimba shimo palepale. Magurudumu ya nyuma yanakwenda, ya mbele yanarudi. Watu wakashika mbavu.

"Wifi," dada mtu akasema, "difu ya mbele umeifunga kinyume, upande wa kushoto umeuweka kulia. Kwenye mkanda wala isingekudhuru. Shafti haisamehe, inageuza mwendo."

"Sikukuuliza, wifi."

Mume akaja na bisibisi, akaketi vumbini kando ya mkewe, skrubu mdomoni. Akaitoa difu, akaigeuza, akairudisha.

"Kaka," dada akaita kutoka mstarini, "wanaanza. Njoo unikazie gurudumu."

Mume akataka kuinuka. Mke akamshika mkono wa shati.

"Na difu ya nyuma? Nadhani nayo niliikosea."

Ya nyuma ilikuwa haina neno, naye alijua. Mume akamtazama, akaketi tena, akaanza kufungua skrubu moja moja. Filimbi ikapigwa, magari yakaondoka bila la mke.

"Taratibu tu, baba," akamwambia. "Hatuna haraka."